Maneno ya Akiba kwenye Ukurasa wa Macho

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalishwa mbele ya kompyuta iliyokuwa na ukurasa wenye picha ya jicho kubwa la mtoto, na juu ya jicho hilo, mahali pa kichwa cha habari, palikuwa pameandikwa "kichwa_karibu_mgeni". Nikausoma mstari ule, nikaurudia. Nikamwita Mkuu wa Kitengo cha Habari, mzee mmoja mpole kutoka Bukoba, nikamuuliza, "Samahani Mkuu, hiki ni nini?" Akavaa miwani yake, akatazama, akasema, "Hapo hapana kitu, Mama Skola. Unachokiona ni jina la kitu ambacho hakipo. Ndiyo kazi tuliyokuitia."

Mh! Nilikuwa nimefundisha Kiswahili sekondari tangu ujana wangu, wanafunzi wamepita mikononi mwangu hadi wengine wana wajukuu, na sikuwahi hata siku moja kuitwa kwenda kutafsiri kitu ambacho hakipo. Nilikaa pale nikiangalia lile jicho, nalo likiniangalia. Nikajiuliza kama nimeacha chaki yangu kwa busara au kwa kiherehere. Nawaambia haya ninyi mnaoingia kazi hii sasa ili mjue kwamba kuchanganyikiwa siku ya kwanza si dalili ya ujinga. Mimi nilichanganyikiwa siku ya kwanza na nimestaafu nikiwa bado nimechanganyikiwa, ingawa sasa najua ni wapi hasa.

Taasisi yenyewe ilikuwa ya huduma za macho, ofisi yake hapa Songea mjini. Kila mwaka ilileta timu ya madaktari bingwa kuwapasua watoto waliozaliwa na ule utando mweupe kwenye mboni, unaoitwa mtoto wa jicho. Tovuti ilikuwa ndiyo tarumbeta yetu. Humo watu walisoma timu inakuja lini, inakaa hospitali gani, mzazi aje na nini. Wafadhili wa nje nao walisoma humohumo, kwa Kiingereza, kuona mambo yao yanakwendaje. Ukurasa mmoja, wasomaji wa aina mbili, na katikati yao mimi.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi wa Mifumo, mtu wa Mwanza, mwembamba, anayeongea haraka kama anafukuzwa. Alinieleza kwamba ukurasa wa tovuti hauandikwi wote kwa mkono kila mara. Kuna kiolezo, wenyewe wakakiita templeti, ambacho ni mifupa tu: hapa pana nafasi ya kichwa, hapa ya picha, hapa ya maelekezo. Kila nafasi ina jina lake linaloitwa ufunguo. Mtu akifungua tovuti kwa Kiswahili, mfumo unakwenda kwenye faili la Kiswahili, unautafuta ufunguo ule, unachukua maneno yaliyo mbele yake na kuyapachika mahali pake. Akifungua kwa Kiingereza, unakwenda kwenye faili la Kiingereza. Hapo nilielewa. Ndipo akaongeza, "Sasa tatizo, Mama, ni pale ufunguo upo na maneno hayapo."

"Hayapo vipi? Yamekwenda wapi?"

"Hayajaandikwa. Mtu ameongeza mstari kwa Kiingereza leo, wewe hujaufikia. Mwenye simu anafungua Kiswahili sasa hivi. Mfumo umwonyeshe nini?"

Vijana wangu, swali hilo nimekaa nalo miaka yote ya kazi. Fundi alikuwa na majibu yake. Mfumo unaweza kuonyesha jina la ufunguo, yale madudu niliyoyaona siku ya kwanza. Unaweza kuacha pengo tupu. Unaweza kuonyesha Kiswahili cha zamani, kama kipo. Au unaweza kuchukua maneno ya Kiingereza na kuyaweka palepale kwenye ukurasa wa Kiswahili, angalau msomaji apate kitu. Hiyo ya mwisho Fundi aliita folbaki. Mimi nikaita maneno ya akiba, maana neno lake lilinikaa vibaya mdomoni. Mkuu wa Kitengo alichagua hiyo, na wote tukaona ni busara. Heri mtu apate maneno kwa lugha nyingine kuliko akose kabisa. Hata leo ukiniambia hivyo haraka haraka nitakubali.

Walinipeleka Madaba kwa miezi kadhaa, kwenye kituo chetu kidogo cha njia ya Njombe, niwaulize wasomaji kama Kiswahili changu wanakielewa. Kazi hiyo niliipenda. Nilikaa na akina mama wakimenya viazi, simu ikipita mkono hadi mkono, wakinisomea ukurasa kwa sauti nami nikiandika wanapokwama. Walinicheka sana. Mmoja aliniambia, "Mama, umeandika 'wasilisha mtoto' kama vile mtoto ni ripoti." Nikabadilisha. Walipofika mahali penye mstari wa Kiingereza, hawakukwama. Waliruka tu na kuendelea chini bila hata kupunguza mwendo, nami nikaona basi, haiwasumbui, kama mtu anavyokanyaga jiwe asilihisi. Nikarudi Songea na taarifa nzuri, Mkuu akanipongeza.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Timu ya madaktari ilikuwa imekaa hapa mjini wiki nzima, na hiyo ilikuwa siku yao ya mwisho. Mchana walikuwa wanaondoka kwenda Njombe. Mimi nilipangiwa kukaa kwenye benchi la mapokezi kuwauliza wazazi taarifa walizipataje. Asubuhi wakafika watu watatu kutoka Lusewa: bibi mmoja aliyejitanda vizuri, Bibi Mwanaidi, mwanawe wa kiume, Saidi, mwenye simu ya kioo kilichopasuka, na mjukuu wa kike wa miaka minne, Zuhura, mpwa wake Saidi. Macho yote mawili ya yule mtoto yalikuwa na weupe katikati. Alikuwa anamtambua bibi yake kwa kumshika mkono na kunusa kanga yake.

"Shikamoo mama," Saidi akanisalimu. "Tumefika salama, alhamdulillahi. Hapa ndipo penyewe?"

Nikawapokea kwa furaha, nikamwandika Zuhura. Alikuwa ndiye mtoto wa mwisho kwenye orodha ya siku ya mwisho. Akaja mtaalamu wa dawa ya usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kabla daktari hajapasua, akachuchumaa mbele ya mtoto na kumuuliza bibi kwa upole, "Amekula nini leo?"

"Uji tu, baba. Uji wa karanga. Tulipanda gari alfajiri, ningemtoaje mtoto nyumbani na njaa?"

Yule mtaalamu akainuka. Nikaona uso wake umebadilika. Akaeleza kwamba mtoto akilazwa na tumbo limejaa, uji unaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na akafa palepale mezani. "Siwezi kumlaza," akasema. "Tumeandika kwenye tovuti. Mtoto asile kitu."

Saidi akatoa simu, si kwa ubishi, kwa kushangaa. "Mimi nimesoma, daktari. Nimesoma chote." Akanipa mimi simu kwa kuwa nilikuwa karibu. Nikaushusha ukurasa kwa kidole. Kiswahili changu kilikuwa kizuri: tarehe, mahali, aje na kadi ya kliniki, aje na nguo ya kubadilisha, aje na mtu mzima wa kulala naye. Kisha mstari mmoja wa Kiingereza. Kisha Kiswahili tena, karibuni sana. Mstari ule uliongezwa na mtaalamu wa usingizi siku chache kabla, ukapita kwa Fundi ukiwa wa haraka, na hakuna aliyenitumia. Ulikuwa unasema mtoto asile chochote tangu usiku.

"Na huu hapa, Saidi? Huu uliusoma?"

Akainama kutazama. "Huo? Huo si wa wafadhili?"

Loo! Nendeni mkatazame kibao chochote cha mradi mkoa huu, cha kisima, cha zahanati, cha choo cha shule. Kiswahili ni chetu sisi, Kiingereza ni salamu za wenyewe waliotoa, pamoja na nembo zao. Tumekua hivyo. Na mtu mwenye adabu hasimami kuchungulia barua ya mwenzake. Saidi alikuwa amefika hadi kidato cha pili, angekazana angeambulia neno moja mawili, lakini kwa nini akazane na kitu kisichomhusu? Na akina mama wa Madaba nao hawakuruka kwa sababu hawaumii. Waliruka kwa sababu walikuwa na heshima.

Bibi Mwanaidi hakupiga kelele. Alimvuta mjukuu wake magotini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, mngetuambia tu kwamba humo ndani kuna neno letu. Tungetafuta mtu atusomee. Mwalimu yupo pale Lusewa, mganga wa zahanati yupo. Hatukujua kama kuna neno letu."

Wakasubiri. Daktari bingwa, mama mmoja mnene mwenye huruma, alijaribu kusogeza muda, lakini gari la Njombe lilikuwa tayari limepakiwa vifaa, na watoto wa huko nao walikuwa hawajala wakimsubiri. Kabla ya kupanda alinishika bega. "Mama, jicho la mtoto mdogo likikaa muda mrefu bila kuona, ubongo unalisahau. Hata ukilisafisha baadaye, linakuwa dirisha lisilo na mtu ndani. Wajitahidi wampeleke mapema hospitali kubwa, hata kama ni mbali." Mbali kulikuwa ni mbali kweli, na bibi alijua, na mimi nilijua. Zuhura alikuwa anacheza na kamba ya begi langu, anaifuata kwa vidole mpaka mwisho halafu anarudi mwanzo. Nililia chooni, sioni haya kusema.

Kikao cha ofisini kilikuwa cha ajabu kuliko vikao vyote nilivyowahi kukaa. Mtaalamu wa usingizi alipiga simu kusema alileta maandishi yake kwa wakati. Kweli. Fundi akafungua kompyuta, akatuonyesha. "Mfumo haukukosea. Kiswahili hakipo, ukaweka Kiingereza, kama tulivyouagiza." Kweli. Mkuu wa Kitengo akasema maandishi yalikuwepo ukurasani na yalisomeka. Kweli. Mimi nikasema sikuletewa mstari. Kweli tupu. Tukatazamana. Sote tulikuwa sahihi na mtoto alikuwa amerudi Lusewa na giza lake. Jamani, mtu ukiwa na kosa unajua pa kuanzia. Sisi tulikosa hata kosa la kushika.

Nilikasirika, nikadai mstari wowote wa maelekezo usipokuwa na Kiswahili, ukurasa mzima uzuiwe usitoke. Mkuu akakubali, nafikiri kwa kunionea huruma. Haikupita muda nikaugua malaria nikalazwa. Ukaja mstari mpya, Kiswahili chake hakipo, na mfumo, kwa utii uleule, ukauzuia ukurasa wa kliniki ya wazee wa Namtumbo. Hakuna aliyejua kliniki ipo. Muuguzi alikaa peke yake kwenye mahema mpaka jua likachwea. Niliporudi, Mkuu alinikuta mezani, akavuta kiti.

"Mama Skola, tukiweka Kiingereza, wanaruka. Tukizuia, hawaji. Tukiacha pengo, hawajui kama kuna pengo. Tukiweka Kiswahili cha zamani, tunawadanganya kwa lugha tamu. Sasa wewe unataka nini?"

"Sijui, Mkuu."

"Hata mimi sijui," akasema, akatoa njugu mfukoni tukatafuna wote wawili kama wanafunzi waliofeli.

Kilichonitoa hapo ni sauti ya yule bibi, ambayo ilikuwa haijaniacha. Mngetuambia tu kwamba humo ndani kuna neno letu. Nilikuwa namkumbuka kwa uchungu, sikuwa nimemsikiliza. Sisi tulihangaika na namna ya kuziba nafasi, yeye alitaka tu ajulishwe kwamba nafasi hiyo ni yake. Nikamwomba Fundi aniwekee maneno ya akiba ya aina nyingine: mahali popote pa maelekezo ambapo Kiswahili hakijafika, mfumo usilete Kiingereza peke yake, utangulize sentensi nitakayoandika. Akasema, "Hiyo rahisi, Mama, dakika tu." Kwangu haikuwa dakika. Niliiandika na kuifuta, nikaipeleka sokoni kuwasomea wauza mchele, nikaifuta tena. Mwisho ikabaki hivi, kwa herufi nene:

"Hapa kuna neno linalokuhusu wewe na mgonjwa wako. Bado hatujaliweka kwa Kiswahili. Usianze safari kabla ya kumpigia muuguzi simu, au kutafuta mtu wa kukusomea maneno ya chini."

Mkuu aliisoma akatikisa kichwa. "Inatuaibisha," akasema. "Inatangaza kwamba hatujamaliza kazi."

"Ndiyo, Mkuu. Hatujamaliza."

Akaipitisha. Simu za muuguzi zikaongezeka mpaka akaja kunilalamikia, nami nikampa pole huku moyo wangu unacheka. Timu iliporudi mwaka uliofuata, nilisafiri mwenyewe hadi Lusewa kumwambia Bibi Mwanaidi kwa mdomo, sikutaka kumwachia mfumo wowote. Zuhura akapasuliwa. Jicho la kulia liliamka. La kushoto walilisafisha likawa jeusi zuri kama la mtoto yeyote, lakini halioni zaidi ya mwanga na kivuli. Lilikuwa limesubiri mno. Siku walipomfungua bandeji alinitazama, akamuuliza bibi yake, "Huyu ni nani?" Mpaka leo swali hilo linanipa taabu.

Nilistaafu chini ya Mkuu mwingine, binti msomi mwenye bidii, ambaye alinifanyia sherehe na keki. Siku hiyohiyo alinionyesha mfumo mpya. Siku hizi, mnajua wenyewe, kuna mashine inayotafsiri. Mstari wa Kiingereza ukiingia, Kiswahili chake kinatoka papo hapo, kimenyooka, na kuna siku ni kizuri kuliko changu. "Kwa hiyo yale maneno yako ya akiba tumeyaondoa, Mama," akaniambia kwa furaha. "Hakuna tena nafasi tupu." Nikapiga makofi na wenzangu. Nilipofika nyumbani ndipo nikaanza kujiuliza. Zamani ungeona mahali tusipofika. Sasa kila mstari unapendeza sawa, uliopitiwa na mtu na usiopitiwa, na mimi niliyeandika kurasa zile miaka na miaka siwezi kuitofautisha. Mniulize kama ni afadhali au si afadhali, nitawajibu nilivyomjibu Mkuu wa kwanza.

Juzi jioni simu yangu ikaita. Ilikuwa sauti ya msichana.

"Shikamoo Bibi. Ni Zuhura wa Lusewa."

"Marahaba mwanangu! Kidato cha ngapi sasa?"

"Cha pili, Bibi. Nina swali. Mtoto wa mjomba Saidi anapasuliwa jicho kesho hapo mjini, tunaondoka alfajiri. Nimefungua ukurasa. Imeandikwa kwamba mtoto anaweza kunywa uji mwepesi asubuhi ya safari. Ni Kiswahili kizuri, Bibi. Lakini umeandikwa na mtu?"

Nikamwambia ngoja. Nikavaa miwani, nikaufungua ukurasa, nikausoma mstari ule mbele, nikausoma nyuma. Pengine dawa za siku hizi zimebadilika na uji unaruhusiwa. Pengine mashine imeteleza. Kiswahili kilikuwa safi, hakikuniambia lolote.

"Sijui, mwanangu," nikamjibu. "Mpigieni muuguzi, namba ipo pale chini."

"Nimepiga tangu mchana, Bibi. Haipokelewi. Ndiyo maana nimekupigia wewe."

Nikamwambia mtoto asipewe kitu, asipewe hata kijiko, mpaka nimpigie. Nikatafuta viatu chini ya kitanda na kujifunga kanga. Mume wangu akainua kichwa kwenye kiti chake kuuliza naelekea wapi na giza lile linaingia.

"Kazini," nikamwambia, nikatoka kwenda hospitali.